Kadi ya Sikukuu Yenye Jina la Anayeipokea

Hotuba kwa walimu, viongozi wa vikundi na vijana katika ukumbi wa mtaa, Eastlands, Nairobi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, viongozi wa vyama vya akina mama, wazee wa mtaa, vijana, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutengeneza kadi za sikukuu kwa programu ya slaidi, ile ile ambayo wengi wenu mnaitumia katika semina, darasani na kanisani mnapoonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Nitaeleza kazi yenyewe jinsi inavyofanywa, lakini kwanza ningependa mjue ninakoelekea. Naamini kwamba kadi ni salamu ya mtu kwa mtu, na kwamba kadi isiyomtaja anayepelekewa haijakamilika hata ikipambwa namna gani. Kila jambo la kiufundi nitakalolisema leo, tangu vipimo vya ukurasa hadi namna ya kuhifadhi picha, nimelichagua kwa sababu linaturahisishia kuliandika jina hilo.

Tazameni simu zenu jioni ya tarehe 24 Desemba, au usiku wa kuamkia Idd. Picha zinamiminika: mishumaa, kengele, miezi mwandamo, misonobari iliyofunikwa theluji, na juu ya nyingi kati yake pana mishale miwili midogo, alama ambayo WhatsApp huiweka kwenye ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi. Kampuni hiyo iliweka kikomo mwaka 2019 ili ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ikabana zaidi, kiasi kwamba ujumbe wenye mishale miwili sasa hupelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kila mara. Shabaha yao ilikuwa kupunguza uvumi, wala hawakuwa wakifikiria kadi, lakini alama ile inamwambia mpokeaji jambo ambalo mtumaji hakukusudia kulisema. Mtu aliyepokea picha moja kutoka kwa jirani, kwa mwajiri wa zamani na kwa binamu yake atajuaje ni nani kati yao aliyemkumbuka yeye hasa?

Kadi za sikukuu hazikuanza hivyo. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuchapishwa kwa biashara ilitoka London mwaka 1843, pale Henry Cole, mtu wa shughuli nyingi aliyelemewa na barua za msimu, alipomwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja itakayowafaa marafiki zake wote. Zilichapishwa nakala zipatazo 1,000, na zilizobaki zikauzwa kwa shilingi moja kila moja. Picha yenyewe ilionyesha familia ikiwa mezani imeinua glasi, na pembeni watu wakiwalisha na kuwavisha maskini. Ninalotaka mlitazame ni kwamba juu ya kadi iliachwa nafasi ya jina la anayepelekewa, na chini nafasi ya jina la anayetuma. Cole alikuwa akitafuta njia ya kuokoa muda, na hata hivyo sehemu hizo mbili hakuzigusa. Alizibakiza zijazwe kwa kalamu.

Nasi hapa tumezijua kadi kwa njia yetu. Waliosoma miaka iliyopita wanazikumbuka kadi za kumtakia mtahiniwa heri, zile tulizoziita kadi za success, zilizouzwa kando ya barabara katikati ya jiji kila mtihani wa kitaifa ulipokaribia, nyingine zikiimba ukizifungua. Mtahiniwa alizitunza ndani ya sanduku lake la bweni kwa miaka, na alichokuwa akikitunza hasa ni mwandiko wa mjomba au wa shangazi uliokuwa ndani.

Sasa tuje kwenye programu. PowerPoint ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, ikiwa ya kompyuta za Macintosh, na mwaka huo huo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Robert Gaskins na Dennis Austin, waliokuwa nyuma ya kazi hiyo, waliwalenga watu wa ofisini waliohitaji kutayarisha karatasi angavu za projekta na slaidi bila kumtegemea mchoraji. Hilo ndilo linalotufaa. Katika programu ya kuandikia barua, ukiweka picha inasukuma maneno, na ukiongeza maneno yanaisukuma picha hadi ukurasa unaofuata. Katika slaidi, kila kitu, kiwe picha, umbo au sanduku la maneno, hukaa pale ulipokiweka, nawe unaweza kukisogeza, kukipanua, kukizungusha au kukificha nyuma ya kingine bila kuvuruga vilivyobaki.

Asiye na PowerPoint hana haja ya kuinunua. LibreOffice Impress hupatikana bure na hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta, na Google Slides hutumika bure na yeyote mwenye akaunti ya Google, hata kwa simu. Zipo pia huduma za mtandaoni zenye kadi zilizokwisha kupambwa, ambapo mtu hubadilisha maneno tu. Nyingine zimebuniwa kwa ustadi mkubwa na sizikatazi, ila kadi unayoichagua huko wameichagua na wengine wengi, nasi tumekusanyika tutengeneze yetu.

Kabla ya kuweka chochote, weka ukubwa wa ukurasa. Slaidi mpya huja ikiwa imelala, kwa ajili ya ukuta na projekta, ilhali kadi yetu itatazamwa kwenye simu iliyosimama wima. Katika PowerPoint fungua Design, kisha Slide Size, uchague kuandika vipimo vyako mwenyewe. Katika Google Slides sehemu hiyo iko ndani ya File, palipoandikwa Page setup. Katika Impress ifuate menyu ya Slide. Andika upana wa sentimita 28.58 na urefu wa sentimita 50.8. Vipimo hivi huonekana vya ajabu, lakini vina sababu yake. PowerPoint ya Windows inapoigeuza slaidi kuwa picha huhesabu pikseli 96, yaani nukta ndogo zinazoiunda picha, kwa kila inchi, isipokuwa umeibadilisha, kwa hiyo ukurasa wa ukubwa huo hutoa picha ya pikseli 1080 kwa 1920, vipimo vinavyoijaa simu vizuri na vinavyofaa kwa status ya WhatsApp. Anayetaka kadi ya mraba aandike 28.58 kila upande. Anayeanza na ukurasa uliolala akaja kuubadilisha mwishoni hukuta vitu vyake vimepungua au vimetoka nje ya ukurasa, na kazi inaanza upya.

Ukurasa huo ni mkubwa kuliko simu takribani mara nne, kwa hiyo herufi za pointi 60, ambazo kwenye kompyuta zinaonekana kubwa mno, mpokeaji atazisoma kana kwamba ni za pointi 15. Msiogope ukubwa. Maneno makuu ya salamu yastahili pointi 100 na zaidi, na nisingependa neno lolote katika kadi lipungue 54, hasa tukizingatia macho ya wazazi wetu. Kadi ikikusudiwa kuwekwa kwenye status, acheni nafasi tupu juu na chini, kwa sababu jina la mtumaji hukaa juu na sehemu ya kujibu hukaa chini, na maneno yaliyo huko hufunikwa.

Kuhusu mpangilio, mwalimu bora tunaye nyumbani, naye ni leso. Leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa ndani ya kisanduku chini ya mji. Pindo huyazuia macho yasitangetange, mji huyapa mahali pa kutua, na jina husema lililo moyoni mwa anayeivaa au anayeitoa zawadi. Kadi iliyopangwa hivyo haihitaji kingine. Hata katika rangi leso inatuongoza: kisutu, ile inayovaliwa harusini huko pwani, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe basi, na haijawahi kuonekana maskini wa rangi. Chagueni rangi tatu mzishikilie hadi mwisho.

Pindo ndilo watu hudhani kwamba linahitaji fundi, kwa hiyo nitalieleza pole pole. Chora duaradufu ndefu na nyembamba, uipe rangi moja, uondoe mstari wa ukingoni. Ukibonyeza Ctrl na D utapata nakala yake. Ishike nakala hiyo kwenye kishikio cha kuzungushia huku umebonyeza Shift, nayo itakuwa ikizunguka kwa kuruka nyuzi 15 kila mara. Ikiruka mara tatu imefika 45. Nakala ya pili ipeleke hadi nyuzi 90, na ya tatu hadi 135. Zichague zote nne, uende kwenye amri za Align, uzipange zikutane katikati kwa upana na kwa urefu. Utaona ua la petali nane, kwa kuwa kila duaradufu imetoa petali mbili, moja kila ncha. Tia duara dogo la njano kitovuni, uziunganishe sehemu zote ziwe kitu kimoja kwa Ctrl na G, kisha ulipunguze ua hadi upana wa sentimita 2 hivi.

Lipeleke ua hilo kwenye kona ya juu kushoto. Bonyeza Ctrl na D, uisogeze nakala mpaka ikae kando ya ua la kwanza kwa umbali unaoupenda, na bila kugusa kitu kingine chochote, bonyeza tena Ctrl na D. PowerPoint huukumbuka umbali ule, na ua la tatu huja likakaa mahali pake lenyewe, na la nne, na la tano, hadi mstari umefika ukingo wa pili. Nimewaona wanafunzi wa shule ya msingi wakishangilia hapo, na hata watu wazima hutabasamu. Mstari mzima ukishaunganishwa, unaunakili na kuushusha chini, kisha unaunda mwingine wa kusimama kwa pande mbili zilizobaki, na pindo limekamilika bila kupakua picha hata moja kutoka mtandaoni.

Mji nao uwe wa kwetu. Theluji kwa Mkenya ipo kileleni mwa Mlima Kenya, mita 5,199 kutoka usawa wa bahari, wala haishuki Umoja wala Kawangware. Desemba jijini ni mwezi ambao mvua za vuli zimepungua na jua limeanza kushika. Mti wetu wa Krismasi mara nyingi ni tawi la saiprasi lililonunuliwa kando ya barabara na kusimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga. Lipigeni picha hilo. Pigeni picha ya chapati zikipangwa juu ya sahani, ya sufuria ya pilau siku ya Idd, ya mkono uliotiwa hina, au ya taa za udongo kwa majirani zetu wanaosherehekea Diwali, sikukuu ambayo huangukia Oktoba au Novemba, wakati mijakaranda ya Nairobi imechanua na barabara zimejaa zambarau. Picha ipigwe karibu na dirisha au mlangoni, mwanga ukiangukia kile kinachopigwa, taa ya simu ikiwa imezimwa. Ukishaiingiza kwenye slaidi unaweza kuikata kwa umbo la duara ili ikae vizuri ndani ya mji, na kama maneno yatapita juu ya picha, weka kwanza mstatili wa rangi moja kati yao, uufanye upenyeze picha iliyo nyuma yake (transparency) kiasi cha asilimia 30 hivi, la sivyo herufi zitapotea kwenye matawi na mapambo.

Wazazi, naomba jambo moja hapa. Picha ya mtoto akiwa amevaa sare yenye nembo ya shule isiwekwe kwenye kadi itakayopelekwa kwa watu wengi, maana hatujui itaishia kwa nani. Na picha ya mtu mzima iwekwe kwa idhini yake, hata akiwa dada yako.

Nimefika kwenye jina, na hapa ndipo programu ya slaidi inapozishinda nyingine zote kwa kazi yetu. Kadi moja ikishakamilika, slaidi nzima hunakiliwa kwa amri moja tu. Nakala ya kwanza unaandika mpokeaji wa kwanza, ya pili wa pili, na kadhalika, pindo na mji vikibaki vile vile. Mwisho unapohifadhi kama picha, PowerPoint hukuuliza kama unataka slaidi hii tu au zote; ukichagua zote, hukutengenezea folda yenye picha ya kila slaidi. Katika Google Slides na Impress utahifadhi picha moja moja, jambo linalochukua muda zaidi, lakini matokeo ni yale yale.

Andikeni jina kama mnavyomwita mtu huyo mkiwa naye. Hakuna kadi ya dukani itakayoandikwa Kukhu, Dani, Susu, Shosho au Kogo, ilhali hayo ndiyo majina ambayo nyanya zetu huitwa na wajukuu wao, na nyanya akiliona kwenye kadi anajua hakika kwamba imetoka kwa nani. Mama wa jirani aandikwe kwa jina la mwanawe mkubwa, kama kawaida yetu. Chini ya jina tieni sentensi moja isiyoweza kutumwa kwa mtu mwingine: ahsante kwa kumtunza mtoto nilipokuwa zamu ya usiku, pole kwa mwaka uliokuwa mgumu, tutafika Jumapili. Baada ya hapo ndipo ije Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, au Idd Mubarak. Kadi ya Idd msiiandike tarehe, kwa kuwa sikukuu hungoja mwezi uonekane, na kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11 katika kalenda ya kawaida. Kwa wenye maduka na saluni ninasema hivi: mteja akisalimiwa, asalimiwe tu. Bei na ofa zina siku zake.

Juu ya kuhifadhi, kadi yenye maneno na maumbo mengi ihifadhiwe kama PNG, kwani herufi hubaki kali. Ile ambayo karibu yote ni picha ya kamera ihifadhiwe kama JPEG, nayo itakuwa nyepesi zaidi. Faili la slaidi lenyewe msilitume. Fonti uliyoichagua isipokuwepo kwenye kifaa cha mpokeaji, programu huweka nyingine, na mpangilio wote huvurugika. WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapozituma kama picha, kwa hiyo kadi yenye maandishi madogo itumwe kama dokumenti, au uchague ubora wa HD. Kuna wanaopendelea orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list) ili wasitume mmoja mmoja. Jueni kwamba ujumbe wa aina hiyo huwafikia tu wale waliohifadhi nambari yako, na isitoshe, mkiwa mmeshaandika majina, kutuma mmoja mmoja ndiko kutakakowafaa.

Wapo watakaotaka maua yazunguke na nyota zimetemete. PowerPoint huweza kuigeuza slaidi kuwa video, na matoleo mapya hata kuwa GIF. Binafsi ninaona kadi iliyotulia inatosha, na video ina uzito ambao mpokeaji huulipia kwa bando lake. Mkiamua kuitumia, iwe ya sekunde chache, na kitu kimoja tu kisogee.

Mwisho, kuna wapendwa wetu wenye simu za kabambe, zile ndogo za vitufe, ambao hakuna picha ya kidijitali itakayowafikia. Kadi yao ichapishwe. Tengenezeni faili jingine lenye ukurasa wa A4 uliolala, lakini msichague A4 iliyo kwenye orodha ya PowerPoint, maana ile ina sentimita 27.52 kwa 19.05 badala ya kipimo cha karatasi halisi. Andikeni wenyewe 29.7 kwa 21. Slaidi ya kwanza ni nje ya kadi: nusu ya kulia ndiyo uso wake, nusu ya kushoto ndiyo mgongo. Slaidi ya pili ni ndani, na huko maneno ya salamu yakae nusu ya kulia. Hifadhini kama PDF, mpeleke saiba iliyo karibu, mwombe karatasi nzito, na mwelezeni mhudumu achapishe pande zote mbili huku karatasi ikigeuzwa kwa ukingo wake mfupi. Ikigeuzwa kwa ukingo mrefu, maneno ya ndani yatasimama kichwa chini. Achapishe moja kwanza, mwikunje, mwitazame, kisha aendelee na zilizobaki. Ndani achieni mstari mtupu kwa ajili ya kalamu. Katikati ya Desemba mabasi ya kwenda mashambani hujaa, na katika kila ploti hapakosekani mtu anayesafiri kuelekea upande wa kwenu. Mpeni bahasha aifikishe, jina likiwa limeandikwa juu yake kwa mkono.

Kompyuta zilizo nyuma ya ukumbi zimewashwa, na kila moja ina faili tupu lenye vipimo nilivyovitaja. Walio na vipakatalishi vyao waketi upande wa dirishani karibu na soketi. Tutaanza na pindo. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.